Jinsi ya kuizunguka Arizona ukaielewa: anza chini kwenye joto, panda mpaka kwenye theluji

Ukimwambia mtu Arizona, hapa Marekani, ni jimbo la jangwa, picha inayomjia ni mchanga na ngamia, yani Sahara ya kwenye tivii. Sasa akifika Phoenix anatafuta mchanga haoni, anaona milima ya mawe, miti ya miiba kila kona na barabara za njia sita, alafu anaambiwa mwendo wa masaa mawili na kitu kwa gari kuna msitu wa misonobari na watu wanateleza kwenye theluji, anadhani anataniwa. Na kuna ndugu zetu kibao Phoenix na Tucson, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya, wengine walipitia kambi huko nyumbani ndo wakaletwa huku, wamekaa miaka na wanachokijua ni kazini, kanisani au msikitini, supamaketi na ile haiwei ya kwendea kazini basi. Hii ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayekuja kutembelea ndugu.

Siri ya Arizona ni mambo mawili tu: kimo na maji. Kimo kinakwambia utakuta mimea gani na joto kiasi gani, maji yanakwambia nani aliishi hapo, nani alimfukuza nani, na kwanini mji upo pale ulipo. Ukishika hayo mawili hata ramani ya jimbo inaanza kuongea. Kwahiyo usipange safari kwa kufuata picha za Instagram, panga kutoka chini kwenda juu.

Kabla hujawasha gari

Msimu kwanza. Sehemu za chini, yani Phoenix, Tucson, Yuma, zitembelee kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Sehemu za juu kama Flagstaff na Grand Canyon ni nzuri Mei mpaka Oktoba. Ukigeuza utateseka, na ukigeuza upande wa joto unaweza ukafa kabisa, sitanii. Mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 za Selsiasi kwenda juu, na kaunti ya Maricopa, ambayo ndo Phoenix yenyewe, ilihesabu vifo 645 vya joto mwaka huo. Rekodi ya mji ni nyuzi 50, tarehe 26 Juni 1990. Sasa wewe usiseme mimi nimetoka Tanga au Mombasa joto nalijua, la Mombasa linakutoa jasho unaona, hili la huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona na unajikuta kichwa kinauma, huelewi kwanini, na maji mwilini yameshaisha.

Kwahiyo kutembea milimani kipindi cha joto ni alfajiri tu, saa nne asubuhi uwe umesharudi kwenye gari. Hesabu lita moja ya maji kwa saa kwa kila mtu, na ubebe vitu vya chumvi, karanga, krisps, chochote, maana ukinywa maji matupu mengi bila chumvi nayo ni hatari. Ndani ya gari weka maji ya akiba hata kama unaenda karibu. Watoto hawaachwi ndani ya gari hata dakika, hata kama umeacha kioo wazi.

Alafu mvua. Ndio, jangwa hili lina mvua, na ndo maana lina miti. Kuna msimu wa mvua za kiangazi, yani za miezi ya joto, unaohesabiwa rasmi kuanzia 15 Juni mpaka 30 Septemba, na kuna mvua nyingine za taratibu wakati wa baridi. Hizi za kiangazi zinakuja jioni na radi, na mbele yake mara nyingi kunatangulia ukuta wa vumbi unaofunika mji mzima. Ukikutwa barabarani, toka kabisa nje ya lami, simamisha gari, zima taa zote, vuta hendibreki na toa mguu kwenye breki. Taa zote, hata zile za hatari. Inaonekana kichaa lakini sababu ipo: anayekuja nyuma haoni kitu, akiona taa nyekundu anadhani ndo barabara inakoelekea, anakufuata na kukugonga ukiwa umesimama. Na ukikuta maji yamekatiza barabara na wameweka kizuizi, usizunguke kizuizi. Arizona wana sheria ya tangu 1995 ambayo watu wameipa jina la sheria ya dereva mjinga, ukipita kizuizi ukakwama kwenye maji, gharama za kukuokoa wanaweza kukudai wewe.

La mwisho kabla ya kuondoka, vumbi lenyewe. Udongo wa huku una kuvu wanaosababisha homa ya bonde, unaivuta tu na hewa. Ukikohoa wiki kadhaa na uchovu hauishi na dawa za kawaida hazisaidii, mwambie daktari unaishi Arizona au ulipita Arizona, wa majimbo mengine wanaweza wasiifikirie kabisa.

Phoenix: anza na mfereji

Wenyeji wengi wa Phoenix wenyewe wanakwambia mji wao hauna historia. Wanakosea. Nenda jumba la makumbusho la S'edav Va'aki, lipo karibu kabisa na uwanja wa ndege, ndege zinakupita juu ya kichwa wakati unaangalia kilima cha udongo na mitaro iliyochimbwa na watu ambao wataalamu wanawaita Hohokam. Hawa walichimba mamia ya kilomita za mifereji kutoa maji mto Salt na mto Gila, kwa mikono na vijiti na mawe, hakuna ng'ombe wala chuma, wakalima mahindi, maharage na pamba kwa karne nyingi mpaka kwenye miaka ya 1450 hivi makazi yao makubwa yakavunjika. Mwaka 1867 jamaa mmoja, Jack Swilling, akaanzisha kampuni ya kuchimba mfereji kwenye bonde hilohilo, na sehemu nyingine walifuata njia za mifereji ya zamani. Ndo maana mji ukaitwa Phoenix, yule ndege wa hadithi za Wagiriki anayefufuka kutoka kwenye majivu yake.

Ukimaliza hapo endesha kama saa moja kusini-mashariki mpaka Coolidge, ukaone Casa Grande, nyumba ya udongo ya ghorofa nne ya miaka ya 1300, imewekewa paa kubwa la chuma juu isiyeyuke na mvua. Serikali ya Marekani ilianza kuilinda mwaka 1892, ndo gofu la kwanza la kale kulindwa nchi nzima. Kaa kidogo hapo na ujiulize maji yalikuwa wapi, maana saivi mto Gila sehemu hizo mara nyingi ni mchanga mkavu tu.

Na hapa ndo kuna stori ambayo watu wanairuka. Waakimel O'odham, kabila la wenyeji ambao wanajihesabu wajukuu wa Hohokam, walikuwa wakulima hodari kiasi kwamba miaka ya 1850 na 1860 wasafiri na wanajeshi wa Kimarekani wanaokatiza jangwa walikula ngano yao. Alafu walowezi waliokaa juu ya mto wakageuza maji kwenye mashamba yao wenyewe, mto ukakauka kwa wa chini, njaa ikaingia kwa watu ambao walikuwa wanawalisha wengine. Kesi ya maji hayo iliendelea karne na zaidi, mpaka 2004 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwarudishia sehemu kubwa ya maji. Ukiwa umekulia sehemu ambayo wakulima wa juu na wa chini wanagombania mto mmoja, hii huhitaji kuelezewa mara mbili.

Baada ya hapo serikali ikajenga mabwawa. Bwawa la Roosevelt kwenye mto Salt lilifunguliwa 1911 na Theodore Roosevelt mwenyewe, mwaka mmoja kabla Arizona haijawa jimbo la 48, tarehe 14 Februari 1912. Kisha ukaja mfereji mkubwa wa kuleta maji ya mto Colorado mpaka Phoenix na Tucson, kilomita kama 540, maji yanapandishwa vilima kwa pampu, uliidhinishwa 1968 na kukamilika miaka ya 1990. Yani bomba lako la jikoni Phoenix linaweza kuwa linatoa maji yaliyotoka theluji ya milima ya Colorado. Mto huo sasa unapungua, 2021 serikali ilitangaza uhaba kwa mara ya kwanza na Arizona ndo iliyokatwa zaidi. Jioni ukitaka matembezi ya bure, njia za pembeni ya mifereji ya mjini zipo wazi kwa watembea kwa miguu na baiskeli, na sasa utajua unatembea pembeni ya kitu gani.

Jinsi ya kusoma miti ya miiba

Shuka Tucson, na nenda hifadhi ya Saguaro. Ina pande mbili, mashariki na magharibi ya mji, kama una muda mchache chukua magharibi, kaktasi wamesongamana zaidi na machweo yake ni ya nguvu. Saguaro, tamka sawaro, ndo yule kaktasi mrefu mwenye mikono unayemuona kwenye kila katuni, na kwa asili anaota kwenye jangwa la Sonora tu, yani kusini mwa Arizona na jirani zake Meksiko, na wachache ng'ambo ya mto upande wa California.

Msogelee mmoja, usiguse, angalia. Mwili una mikunjo ya wima kutoka chini mpaka juu. Mvua ikinyesha mizizi yake, ambayo haiendi chini sana ila inasambaa mbali, inavuta maji na mikunjo inafunguka, mwili unanenepa. Mvua zikikatika anajikunja tena. Kwahiyo ukiona mikunjo imebana sana na mbavu zimetokeza jua ana njaa ya maji. Anakua kwa kujivuta mno, miaka nane ya kwanza anaweza asifike hata urefu wa kidole chako, na mkono wa kwanza unatoka akiwa na miaka 50 mpaka 70, sehemu kavu zaidi hata 100. Yule mwenye mikono mitano sita unayepiga naye selfi ameiona Arizona kabla haijawa jimbo. Mtoto wake anaota chini ya kivuli cha mti mwingine, mara nyingi palo verde, ule mti wenye gome la kijani, na ukiangalia vizuri utaona saguaro wengi wametokeza katikati ya matawi ya mti uliokufa, ndo huyo mlezi aliyemkinga na jua na baridi.

Matundu unayoyaona juu yametobolewa na ndege anaitwa gogota, akishahama anaingia bundi mdogo kabisa, wa kimo cha kiganja. Maua meupe yanafunguka usiku Mei na Juni, popo na nondo wanahudumia, asubuhi nyuki na njiwa wanapokea zamu. Mwisho wa Juni matunda mekundu yanaiva, na Watohono O'odham, kabila la wenyeji wa jangwa hili, wanayaangusha kwa mti mrefu uliotengenezwa na mbavu za saguaro aliyekufa, wanapika shira, na sehemu ya shira hiyo wanachachusha kinywaji cha sherehe ya kuita mvua. Mwaka wao unaanzia hapo, mvua za kiangazi zinapokuja, na kiukweli ukikaa huku kiangazi kimoja tu utakubaliana nao kuliko hiyo Januari. Kumkata au kumhamisha saguaro bila kibali ni kosa la jinai, usije ukasema utabeba kamoja kadogo.

Kuna mwingine anaitwa cholla, anaonekana laini kama manyoya. Usidanganyike. Vipande vyake vinadondoka ukimgusa kidogo tu na miiba ina ndoano, ukikitoa kwa mkono kinahamia kwenye mkono. Beba chanuo la nywele mfukoni, unaliingiza kati ya kipande na ngozi unakirusha mbali. Nge wapo pia, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na ukinunua tochi ya mwanga wa zambarau usiku unawaona wanang'aa kijani ukutani. Nyoka wa njuga anakuonya mwenyewe, ukisikia mlio simama, mtafute kwa macho kwanza, alafu rudi nyuma taratibu. Usiweke mkono kwenye mwanya wa jiwe usikoona.

Na mvua ya kwanza ya kiangazi ikinyesha toka nje unuse. Ile harufu ni ya kichaka kinaitwa kreosoti, majani yake yana mafuta, na watu waliohama Arizona wanakwambia ndo kitu wanachokikosa kuliko vyote.

Tucson na kusini: wamisionari, mpaka, shaba

Kusini ya Tucson kidogo, ndani ya ardhi ya Watohono O'odham, lipo kanisa jeupe la San Xavier del Bac. Misheni ilianzishwa na padri Eusebio Kino 1692, jengo hili lenyewe ni la 1783 mpaka 1797, na bado lina misa. Ndani ni rangi na sanamu mpaka juu darini. Ingia kwa adabu, kofia vua, watu wanasali pale sio maonyesho. Nje wapo akina mama wa hapo wanakaanga mkate wa unga wa ngano kwenye mafuta, unakuwa mpana kama sahani, unawekewa maharage au asali, ukizoea mandazi hutopata shida.

Kumbuka ulipo. Hapa palikuwa Uhispania, alafu Meksiko baada ya 1821, na kaskazini ya mto Gila kukawa Marekani baada ya vita, mkataba wa 1848. Kusini ya mto, pamoja na Tucson, Marekani walinunua kwa dola milioni 10, mkataba wa Gadsden wa 1853 uliopitishwa 1854, kwasababu walitaka njia ya reli isiyo na milima mingi. Watohono O'odham hawakuulizwa, wakaamka ardhi yao imekatwa na mpaka, sisi Waafrika tunaijua biashara hiyo. Na mtu wa kwanza wa nje kufika upande huu anayetajwa kwenye maandishi hakuwa Mzungu, alikuwa Mwafrika, Esteban, kutoka Azemmour Moroko, mtumwa wa Wahispania, aliyetangulia mbele ya msafara wa 1539 kwasababu alikuwa anajua kuongea na wenyeji kuliko mabwana zake. Inaaminika alikatiza kusini-mashariki ya Arizona, akauliwa alipofika kwa kabila la Wazuni, New Mexico ya leo. Mwambie mwanao hiyo kabla hajaambiwa shuleni kwamba historia ya huku ilianza na makauboi.

Ukiwa Tucson usikose kupanda mlima Lemmon. Hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote, yani jimbo zima limekunjwa kwenye barabara moja ya kilomita kama 43. Unaanza kwenye saguaro, baada ya muda wanakatika ghafla maana baridi ya usiku inawaua, inakuja nyasi na mialoni, alafu misonobari, na juu kabisa, mita 2,790 na kitu, unavaa sweta mwezi wa saba. Fungua kioo njiani usikie hewa inavyobadilika. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa, na katikati kuna kambi ya kupumzikia inaitwa Gordon Hirabayashi. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Seattle, mzaliwa wa Marekani mwenye asili ya Japani, 1942, wakati wa vita kuu ya pili, alikataa amri walizowekewa watu wa asili ya Japani, ya kukaa ndani usiku na ya kupelekwa kambini, akaenda mpaka mahakama kuu ya nchi na kushindwa. Alipohukumiwa kutumikia kifungo hapa serikali haikumlipia nauli, akaja kwa kuomba lifti barabarani, akafika Tucson akaambiwa karatasi zake hazionekani, kajizungushe urudi jioni, basi akaenda sinema kusubiri. Hukumu yake ilifutwa 1987. Arizona ilikuwa na kambi mbili kubwa za Wajapani wa Marekani wakati wa vita, Poston na Gila River, zote ziliwekwa kwenye ardhi za makabila.

Ukitoka Tucson kwenda Bisbee, Tombstone ni njiani, ule mji wa mapigano maarufu ya bunduki ya OK Corral ya 26 Oktoba 1881. Piga picha, kula aiskrimu, songa mbele, siku hizi ni maduka na maigizo. Bisbee ndo kwenye kitu. Mtu wa Kolwezi au Likasi akifika pale atajisikia yuko kwao, shimo la mgodi wa shaba liko pembeni ya barabara kabisa, milima imekatwa ngazi ngazi na rangi za udongo nyekundu na zambarau. Chukua ziara ya mgodi wa Queen, uliofungwa 1975, wanakuvalisha helmeti na koti na mnaingia kwa kitreni, chini kuna baridi ya nyuzi 8 hivi hata nje kukiwa kunachoma. Uliza habari ya tarehe 12 Julai 1917. Wachimbaji walikuwa kwenye mgomo, wengi Wameksiko na wahamiaji wa Ulaya, asubuhi hiyo sherifu, yani mkuu wa polisi wa kaunti, na watu wake wenye bunduki wakawatoa majumbani wanaume kama 1,200, wakawapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe na kwenda kuwatupa New Mexico jangwani. Arizona mpaka leo ndo jimbo linaloongoza kwa shaba Marekani.

Angalizo la kusini: ukirudi kaskazini kuna vizuizi vya askari wa mpaka barabarani, ndani kabisa ya nchi. Kila mtu ndani ya gari awe na kadi yake mkononi, sio kopi iliyobaki nyumbani, bibi aliyekuja kutembea awe na pasipoti.

Kupanda kaskazini

Phoenix ni kama mita 330 juu ya usawa wa bahari, Flagstaff ni 2,100, kati yake ni haiwei ya 17 na gari linapanda kweli, zima eya kondishena kwenye mlima mrefu kama gari lako ni la zamani. Njiani simama Montezuma Castle, nyumba ya ghorofa tano iliyojengwa ndani ya ukuta wa mwamba na watu wa Sinagua. Jina ni la uongo, walowezi walidhani ni ya mfalme wa Waazteki, ila Moctezuma hakuwahi kufika na nyumba ilishahamwa kabla hajazaliwa. Chini yake kuna kijito, unaona, maji tena. Sedona ipo karibu, miamba myekundu mizuri, foleni mbaya, wahi asubuhi.

Flagstaff unaona vilele vya San Francisco, Humphreys ni mita 3,851, wa Moshi na Arusha msicheke. Ni mabaki ya volkano, na ni milima mitakatifu kwa Wahopi na Wanavajo, makabila ya wenyeji wa kaskazini. Mwaka 1889 C. Hart Merriam alizunguka hapa na kuandika kwamba kupanda mlima ni sawa na kusafiri kuelekea kaskazini, mimea inabadilika kwa mpangilio uleule, na wazo hilo likaanza kufundishwa. Usiku panda kwenye kituo cha Lowell uangalie nyota, hapo ndo Clyde Tombaugh aligundua Pluto 1930. Na mashariki ya mji kuna shimo la kimondo, upana kilomita 1.2, kina kama mita 170, umri miaka 50,000 hivi. Watanzania tuna kimondo cha Mbozi, jiwe lipo shimo hakuna, hawa wana shimo na jiwe lenyewe karibu lote lilipasuka na kuyeyuka. Kiingilio ni ghali kidogo maana ni mali ya watu binafsi.

Grand Canyon ni kama saa moja na nusu kutoka Flagstaff. Nenda upande wa kusini, wa kaskazini unafungwa wakati wa baridi na moto wa 2025 uliteketeza hoteli yake ya kihistoria, kwahiyo ulizia kwanza. Kama una mtoto wa darasa la nne anayesoma Marekani, mtolee ile pasi ya bure ya hifadhi za taifa kwenye intaneti kabla hamjaondoka, inaingiza gari zima. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, egesha, alafu usikimbilie kupiga picha na kuondoka kama wanavyofanya wengi. Tembea ile njia ya muda pembeni ya bonde, kila mita moja ni miaka milioni moja, na wameweka mawe halisi ya kila tabaka, unaruhusiwa kuyagusa. Jiwe la juu lina miaka milioni 270, ya chini kabisa ni karibu bilioni 1.8, wakati bonde lenyewe mto umelichimba kwa miaka milioni 5 au 6 tu, yani mawe ni ya zamani mno, shimo ndo jipya.

Kushuka ni rahisi na ndo mtego wenyewe. Hapa mlima umegeuzwa, unaanza na mteremko ukiwa na nguvu, kupanda kunakuja ukiwa umechoka, na kadri unavyoshuka joto linaongezeka. Kanuni: theluthi moja ya muda kushuka, theluthi mbili kupanda. Mtoni na kurudi siku moja usijaribu. Na ndani ya bonde wanaishi watu, Wahavasupai, kijiji chao cha Supai barua zinafika kwa nyumbu. Walibanwa kwenye kipande kidogo 1882, na ardhi nyingi wakarudishiwa 1975 tu.

Ukiingia kwa Wanavajo na Wahopi

Ardhi ya Wanavajo ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha, ina serikali yake, polisi wake na sheria zake. Pombe marufuku. Pasi ya hifadhi za taifa haifanyi kazi Monument Valley, unalipa kwa kabila. Antelope Canyon hamuingii bila mwongoza watalii, na usinung'unike, tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walifagiliwa na maji mle ndani wakati mvua ilinyesha kilomita nyingi mbali, na pale walipo wao anga lilikuwa jeupe. Canyon de Chelly kuangalia kutoka juu ni bure na wageni ni wachache, kwangu mimi inaizidi Antelope. Mle ndani Wanavajo walikuwa na mashamba ya pichi, jeshi likayachoma na kuikata miti, na 1864 wakaswagwa kwa miguu mpaka Bosque Redondo New Mexico, maelfu wakafa njiani na kambini. Tofauti yao na makabila mengi ni kwamba mkataba wa 1868 uliwarudisha kwao. Mjukuu wa mkimbizi akisimama na mzee wa Kinavajo hapo, mazungumzo hayakosekani. Na barabarani wanauza nyama ya kondoo ya kuchoma, nunua.

Kwa Wahopi, ambao wapo katikati wamezungukwa na Wanavajo, kamera weka kwenye gari. Vijijini hakuna picha, hakuna kurekodi, hakuna hata kuchora. Oraibi watu wameishi bila kuhama kwa miaka kama 900, ukipokelewa na mwenyeji ni heshima, ukiambiwa leo kuna sherehe na wageni hawaruhusiwi geuza gari.

Saa nazo zitakuchanganya. Arizona haibadilishi saa kiangazi, Wanavajo wanabadilisha, Wahopi walio ndani yao hawabadilishi, kwahiyo simu yako itaruka mbele na nyuma unavyoendesha. Zima ile ya kujipanga yenyewe, weka saa ya Phoenix kwa mkono, na ukikata tiketi uliza ni saa ya nani. Uzuri wa kutobadilisha ni kwamba kupiga nyumbani hesabu ni ileile mwaka mzima, saa sita mchana Phoenix ni saa nne usiku Nairobi na Dar, na saa tatu usiku Bujumbura, Kigali na Lubumbashi.